Pesimeka kwa mgonjwa mwenye pampu ya moyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mgonjwa anayefikia hatua ya kuwekewa pampu ya moyo huwa ametoka mbali: dawa za miaka, kulazwa na kuruhusiwa, na mara nyingi pesimeka imeshalala chini ya ngozi karibu na bega la kushoto. Pampu inakuja juu ya hiyo. Maswali haya ndiyo ambayo wagonjwa na ndugu zao huuliza vifaa viwili vinapoanza kukaa kifua kimoja.

Tunazungumzia pampu ya upande wa kushoto, ile inayoandikwa LVAD kwenye kadi, na hasa HeartMate 3. Hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2017, na ndiyo wengi wanayo sasa, maana pampu iliyoshindana nayo, HeartWare HVAD, iliacha kuuzwa Juni 2021. Pesimeka watu wengi huiita betri ya moyo. Hapa tutasema pesimeka, kwa sababu pampu nayo ina betri zake na mkanganyiko uliopo unatosha.

Kama pampu inasukuma damu yenyewe, pesimeka ni ya nini tena?

Pampu inasaidia upande mmoja tu. Inavuta damu kutoka chumba cha chini cha kushoto na kuisukuma kwenye mshipa mkubwa unaoipeleka mwilini. Lakini damu hiyo ya kushoto imetoka wapi? Imetoka upande wa kulia, ikapita kwenye mapafu. Upande wa kulia hauna pampu. Unategemea misuli yake na umeme wake, au umeme wa pesimeka.

Kwa hiyo mtu ambaye umeme wa moyo wake umekatika kati ya vyumba vya juu na vya chini, moyo ukabaki kupiga mara 30 kwa dakika, bado anaihitaji pesimeka hata akiwa na pampu. Tofauti ni kwamba hataanguka palepale kama angeanguka mtu asiye na pampu. Atachoka, miguu itavimba, ini litajaa damu, figo zitaanza kulalamika, na namba ya mtiririko wa damu kwenye kioo cha kontrola, kile kifaa cha nje kinachoiendesha pampu, itashuka. Pampu haitoi isichopewa.

Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya majibu yanayofuata utaweza kuyabuni mwenyewe. Kabla ya pampu, pesimeka ilikuwa inahangaika na upande wa kushoto. Baada ya pampu, mtu wa kuangaliwa ni upande wa kulia.

Kwenye kadi ya mama pameandikwa CRT-D. Ya jirani yetu imeandikwa ICD. Tofauti ni nini?

Pesimeka ya kawaida inazuia moyo usipige polepole mno. ICD inafanya hivyo na pia inapiga shoti moyo ukianza mbio za hatari. CRT ina waya wa ziada unaopita nyuma kwenye mshipa wa moyo hadi upande wa kushoto, ili kuta mbili za moyo zipige pamoja; ndiyo watu huiita ya nyaya tatu. CRT-D ni hiyo hiyo ikiwa na uwezo wa shoti.

Baba aliwekewa ya nyaya tatu kabla ya pampu, na kweli ilimsaidia. Sasa daktari anasema waya wa kushoto huenda hauna kazi. Inawezekanaje?

Hili ndilo swali linalowakera watu kuliko yote, na wana haki. Kifaa kile kile walichoambiwa kitaokoa maisha leo kinasemwa hakina kazi.

Hebu turudi nyuma. Nyaya tatu zilithibitishwa vizuri kwa watu ambao nguvu ya moyo kusukuma imeshuka hadi asilimia 35 au chini, na ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inaonyesha umeme unachelewa kufika upande wa kushoto. Ukuta mmoja unapiga, wa pili unafuata umechelewa, na damu inabaki inazunguka ndani badala ya kutoka. Utafiti wa MIRACLE wa mwaka 2002 ulionyesha wagonjwa wa aina hiyo wanatembea umbali mrefu zaidi na wanaishi vizuri zaidi kuta zikipigishwa pamoja. CARE-HF ya mwaka 2005, yenye wagonjwa 813, ikaonyesha kwamba vifo pia vinapungua. Hakuna ubishi hapo.

Lakini wagonjwa hao wote hawakuwa na pampu. Pampu ikiingia, inafyonza damu ya chumba cha kushoto mfululizo, iwe ukuta umepiga kwa pamoja au umechelewa. Chumba kinasinyaa, mzigo unashuka, na vali ya kutokea mara nyingi haifunguki kila pigo. Ule ucheleweshaji ambao waya wa tatu ulikuja kuurekebisha haubadilishi tena sana kiasi cha damu kinachofika mwilini.

Takwimu zinaelekea huko huko. Mwaka 2018 zilichapishwa taarifa za wagonjwa 488 wenye pampu kutoka vituo kadhaa vya Marekani, wenye nyaya tatu wakilinganishwa na wenye ICD ya kawaida. Vifo, kulazwa na shoti havikutofautiana kwa maana. Kilichotofautiana ni kwamba wenye nyaya tatu walirudi zaidi kubadilishiwa kifaa, maana betri inayolisha nyaya tatu inakwisha mapema. Pia wako watafiti waliojaribu kuuzima waya wa kushoto kwa vikundi vidogo vya wagonjwa, na baadhi ya wagonjwa hao wakaonekana kutembea vizuri zaidi ulipozimwa. Vikundi vilikuwa vidogo, kwa hiyo sijengi nyumba juu yake.

Basi uzimwe tu?

Hapana, si kwa kila mtu, na si kwa sababu umesoma hapa.

Yuko mgonjwa ambaye hana umeme wake kabisa: kila pigo linatoka kwenye pesimeka. Huyo ukizima waya wa kushoto, kila pigo litaanzia kwenye waya wa kulia peke yake, na ukuta wa katikati ya moyo utaanza kutikisika kwa namna nyingine. Ukuta huo ni wa pande zote mbili. Upande wa kulia unautumia kusukuma pia. Kwa hiyo yuko mgonjwa ambaye waya wa kushoto, kwa njia ya mzunguko, unamsaidia upande wa kulia, na yuko ambaye haumsaidii chochote.

Namna ya kujua ni kujaribu chini ya uangalizi. Mgonjwa analala kitandani, fundi wa pesimeka anabadilisha mpangilio, wa ultrasaundi ya moyo anaangalia chumba cha kulia na ukuta wa katikati, na mtu wa tatu anasoma namba za pampu. Baadaye mgonjwa anapewa wiki kadhaa, anarudi kueleza: ngazi anapandaje, miguu inavimba kuliko mwanzo, usiku analala mito mingapi. Kuzima ni kubonyeza kitufe tu. Waya hautolewi, na ukihitajika unawashwa tena. Hilo waambieni wazee mapema, maana wengi wakisikia "kuzima" wanadhani wanakatiwa tiba.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa zaidi si kuzima wala kuacha. Ni kuiacha pesimeka na mpangilio ule ule wa kabla ya pampu kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuufungua. Kliniki ya pampu inadhani kliniki ya pesimeka imeshughulikia, na wale wa pesimeka wanadhani hivyo hivyo. Ulizeni kwa jina: "Pesimeka imepangwa upya baada ya pampu? Nani kaipanga, lini?"

Mapigo yawekwe mangapi kwa dakika? Si yakiongezwa pampu itasukuma zaidi?

Pampu haifuati mapigo. HeartMate 3 inazunguka kwa kasi iliyopangwa na daktari, mara nyingi kati ya mizunguko 5,000 na 6,000 kwa dakika, moyo upige 60 au 90. Ukiongeza mapigo mgonjwa akiwa amekaa, mtiririko wa pampu kwa kawaida haubadiliki sana.

Siku za mwanzo baada ya upasuaji ni jambo jingine. Upande wa kulia umetoka kwenye upasuaji umechoka, na ghafla unapelekewa damu yote ambayo pampu imeirudisha. Hapo madaktari mara nyingi huupigisha moyo kwa kasi ya juu kidogo kwa nyaya za muda, kati ya 80 na 100, ili chumba cha kulia kisijae na kutanuka. Mgonjwa akitulia wanashusha.

Baada ya hapo hakuna namba moja ya watu wote. Mwenye vyumba vya juu vinavyopiga vizuri hufaidika zaidi akiachiwa mapigo yake, pesimeka ikisubiri pembeni. Ambaye moyo wake hauongezi mapigo akitembea anaweza kuwashiwa kihisi kinachoongeza mapigo mwili ukitikisika.

Mapigo yake yalikuwa sawa, baada ya pampu yanavurugika. Pampu ndiyo inasababisha?

Inaweza. Na hapa inafaa kukaa kidogo.

Mdomo wa pampu umechomekwa kwenye ncha ya chumba cha kushoto. Chumba kikiwa na damu ya kutosha, mdomo unaelea katikati. Mgonjwa akiharisha, akitapika, akinywa maji kidogo siku ya joto, au dawa ya kukojoa ikizidi, damu inapungua. Pampu haijui. Inaendelea kuvuta kwa kasi ile ile, kama mashine ya maji kwenye kisima kilichopungua: inafika mahali inavuta ukuta. Ukuta wa katikati unagusa mdomo wa pampu, msuli unakwaruzwa, na msuli wa moyo ukikwaruzwa unatoa mapigo ya ovyo. Mapigo mawili matatu, kisha mfululizo mrefu, na mara nyingine mbio kamili za chumba cha chini.

Kwenye kontrola kuna namba nne: kasi, mtiririko, PI na nguvu ya umeme. PI ndiyo inayoonyesha ni kiasi gani moyo wenyewe bado unachangia kusukuma. Ikiyumba ghafla, kontrola inashusha kasi kwa muda kisha inairudisha. Kwa hiyo mgonjwa anayeandika namba zake kila asubuhi kwenye daftari, akiona PI ya leo iko chini sana ya ya jana na mkojo ni wa rangi ya chai kavu, ameshampa daktari nusu ya jibu kabla ya kufika hospitali.

Kitu cha ajabu ni kwamba sababu ya pili inafanana na ya kwanza kwa nje, ila ni kinyume chake. Upande wa kulia ukidhoofika, chumba cha kushoto nacho kinakosa damu, si kwa sababu mwili umekauka bali kwa sababu kulia hakupitishi. Hapo mgonjwa amevimba, mishipa ya shingo imesimama, na bado pampu inavuta ukuta. Huyo ukimwongezea maji unamzidishia tabu. Wa kwanza anahitaji maji, au kasi ya pampu ipunguzwe. Wa pili anahitaji msaada wa upande wa kulia, na pesimeka iangaliwe: je, inapigisha vyumba vya juu na vya chini kwa mpangilio? Vyumba vya juu havijaanza kupapatika? Ndiyo maana haifai kumtibu kwa simu ndugu mwenye pampu anayesema tu "moyo unadunda vibaya."

Dada alikuwa anaongea na simu, mara akapigwa shoti mara kadhaa akiwa macho. Kliniki ikasema moyo ulikuwa unapapatika muda mrefu. Aliwezaje kuongea?

Kwa sababu pampu iliendelea kumpelekea damu. Mtu asiye na pampu chumba cha chini kikipapatika anapoteza fahamu ndani ya sekunde. Mwenye pampu anaweza kukaa hivyo saa kadhaa, akijisikia mchovu au kizunguzungu tu, na wako wasiohisi chochote. Zawadi hiyo ina gharama: kifaa cha shoti hakijui kuna pampu. Kinaona umeme wa hatari, kinapiga. Mgonjwa yuko macho na anaisikia yote.

Ndiyo maana baada ya pampu madaktari wengi hupandisha kiwango cha mapigo ambacho kifaa kinaanza kukihesabu kuwa hatari, huongeza muda wa kusubiri, na hukipa kifaa nafasi zaidi ya kutuliza mbio hizo kwa mapigo madogo yasiyouma kabla ya shoti. Tamko la Shirika la Moyo la Marekani la mwaka 2019 kuhusu vifaa kwa wagonjwa wa pampu linaunga mkono upangaji wa aina hii wa kutokuwa na haraka.

Haina maana kwamba mbio hizo zipuuzwe. Chumba cha kulia kikipapatika hakisukumi, na tumeshasema nani anailisha pampu. Baada ya saa chache mwili unaanza kudai. Shoti moja na mgonjwa yuko sawa: pigia kliniki siku hiyo hiyo. Shoti mbili au zaidi, au shoti moja na hajisikii vizuri: hospitali, sasa.

Kliniki walijaribu kuisoma pesimeka ikagoma kabisa. Imekufa?

Huenda haijafa. Pampu inatoa mawimbi ya umeme, na mawimbi hayo yanaweza kuziba mazungumzo kati ya pesimeka na mashine ya kuisomea. Lilijulikana sana enzi za HeartMate II, pampu iliyotangulia HeartMate 3, ambapo baadhi ya ICD za zamani zilikuwa zinakataa kusomwa mara tu pampu ikiwekwa. Pesimeka yenyewe ilikuwa inafanya kazi. Haikuweza tu kusikia wala kujibu.

Mafundi wana mbinu zao: kusogeza kichwa cha mashine pembe kwa pembe, kumwinua mgonjwa mkono wa kushoto juu ya kichwa ili kifaa kisogee mbali na pampu, kuweka kinga ya chuma kati ya vitu viwili hivyo. Zikishindikana zote, kifaa hubadilishwa kwa cha muundo mwingine. HeartMate 3 nayo ina visa vyake, hasa na ICD zinazowekwa chini ya ngozi bila waya kuingia moyoni: hizo zinaweza kusikia kelele ya pampu zikadhani ni mapigo, na kupiga shoti isiyo na sababu. Zaidi ya hayo, ICD ya namna hiyo haiwezi kuupigisha moyo kwa kudumu, kwa hiyo mtu anayehitaji pesimeka haimfai.

Ushauri wa kawaida lakini wenye faida: kabla ya upasuaji wa pampu, wapeni timu ya upasuaji jina na modeli ya pesimeka. Jambo hili likijulikana mapema linapangiwa.

Wanasema waya "haushiki" kama zamani. Mpasuaji kaukata?

Kuna wakati waya husogezwa au kuharibika kwenye upasuaji, lakini mara nyingi maelezo ni mengine. Ili kuchomeka pampu, mpasuaji hukata kipande cha mviringo cha msuli kwenye ncha ya moyo, karibu na eneo ambalo ncha ya waya wa kulia imekaa. Msuli unavimba, kisha kovu linakuja. Umeme unaosomwa na waya unapungua, na umeme unaotakiwa kuuamsha moyo unaongezeka. Ndiyo maana pesimeka inapaswa kusomwa kabla mgonjwa hajatoka hospitali, na tena wiki chache baadaye. Mara nyingi kuongeza nguvu kidogo kwenye mpangilio kunatosha. Isipotosha, waya mpya.

Betri ya pesimeka inakaribia kuisha. Ibadilishwe?

Zamani swali hili halikuwepo. Kwenye utafiti wa REMATCH wa mwaka 2001, pampu za wakati ule ziliwafikisha mwaka mmoja asilimia 52 tu ya wagonjwa. Sasa matokeo ya miaka mitano ya utafiti wa MOMENTUM 3, yaliyotolewa mwaka 2022, yanaonyesha asilimia 58 ya waliowekewa HeartMate 3 wakiwa hai. Watu wanaishi na pampu muda wa kutosha kumaliza betri ya pesimeka. Ni tatizo jema, lakini ni tatizo.

Kubadilisha ni kufungua mfuko ulio chini ya ngozi, pesimeka inamokaa, kwa mtu anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Hatari ni mbili. Ya kwanza ni damu kujikusanya mfukoni. Hapa kuna somo zuri la utafiti wa BRUISE CONTROL wa mwaka 2013, kwa wagonjwa wa pesimeka kwa jumla: walioendelea na warfarini damu iliwajaa mfukoni asilimia 3.5, walioisimamisha na kuchomwa heparini, sindano ya kazi hiyo hiyo, asilimia 16. Msisimamishe warfarini kwa akili zenu mkidhani mnamsaidia daktari. Ya pili ni maambukizi, na kwa mwenye pampu hiyo ni habari nzito, maana vijidudu vikiingia kwenye damu vinaweza kukaa kwenye pampu, na pampu haing'olewi ikasafishwa.

Kwa hiyo daktari anapima. Anayetegemea pesimeka kila pigo, anabadilishiwa, hakuna mjadala. Ambaye hajawahi kupigwa shoti iliyohitajika kweli wala haitegemei pesimeka, kuna madaktari watakaomwambia iache iishe. Na wa nyaya tatu anaweza kubadilishiwa kwa kifaa cha kawaida, mlango wa waya wa kushoto ukafungwa. Mgonjwa ana sauti hapa. Yuko atakayesema "sitaki tena shoti", na hilo ni jambo halali la kuzungumza na daktari, familia ikiwepo.

Ile pesimeka ndogo isiyo na waya je?

Micra, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, inakaa yote ndani ya chumba cha kulia. Haina mfuko wa ngozi, hivyo inapunguza mlango mmoja wa maambukizi, na imeshatumika kwa baadhi ya wagonjwa wa pampu. Haipigi shoti.

Pesimeka yangu inaruhusu MRI. Naweza kupimwa?

Pesimeka inaruhusu, pampu hairuhusu. CT scan ndiyo mbadala.

Nikimshika mkono sipati mapigo, na saa yake ya kisasa inatoa namba za ajabu. Pesimeka imezimika?

Pampu inasukuma damu mfululizo, kwa hiyo kwa wengi mapigo ya mkononi hayapatikani au yanapotea na kurudi. Mashine ya kawaida ya presha nayo mara nyingi hushindwa. Kliniki hutumia kifaa cha sauti cha Doppler na kusoma presha moja ya wastani. HeartMate 3 huongeza mkanganyiko mwingine: kila sekunde 2 inashusha na kupandisha kasi kwa muda mfupi ili damu isigande ndani yake. Mtu anayegusa mshipa anaweza kudhani hayo ndiyo mapigo. Mapigo halisi yanasomwa kwenye ECG au kwenye pesimeka yenyewe. Saa ya mkononi iacheni iseme saa ngapi.

Akizimia nianzie wapi?

Muite, mtikise. Kama haitikii, piga simu ya dharura na weka sikio, au stethoskopu kama ipo, kifuani upande wa kushoto chini. Pampu inayofanya kazi inavuma. Wakati huo huo angalia kontrola: taa ya moyo mwekundu, sauti isiyokatika, betri zimeingia vizuri, kebo haijachomoka. Mara nyingine tatizo lote ni plagi. Kengele ya mtiririko mdogo hulia ukishuka chini ya lita 2.5 kwa dakika.

Hakuna mvumo wa pampu, haitikii, hapumui kawaida: mkande kifua. Kuna hofu ya zamani kwamba kukanda kutaing'oa pampu, lakini mwongozo wa Marekani wa mwaka 2017 unaruhusu kukanda mgonjwa ambaye damu haimfikii. Shoti ya nje nayo inaweza kupigwa bila kuitenganisha pampu. Waambie wahudumu mara wanapofika mlangoni kwamba ana pampu na hana mapigo ya mkononi kwa kawaida.

Simu na ukaguzi wa uwanja wa ndege?

Simu iwe mbali na pesimeka kwa sentimita 15, hasa zenye sumaku ndani: usiiweke mfuko wa shati. Sumaku juu ya ICD inazuia shoti ikiwa pale. Uwanjani mashine italia, onyesha kadi zote mbili na omba kupapaswa kwa mkono.

Tunaishi ng'ambo, baba anataka kwenda nyumbani Tanzania kumzika dada yake. Inawezekana?

Inawezekana kwa baadhi, kliniki ikikubali. Kwanza pampu. Chaja na mashine ya umeme zinahitaji soketi yenye waya wa ardhi unaofanya kazi kweli. Tanzania, Kenya na Uganda utakuta soketi za matundu matatu ya bapa kama za Uingereza. Ukienda Rwanda au Burundi utakutana na za pini mbili za mviringo, na hapo ndipo watu hushawishika kutumia adapta isiyo na ardhi. Msitumie. Jozi ya betri za HeartMate 3 inaweza kufika saa 17, na akiba iliyo ndani ya kontrola ni ya dakika 15 tu, ya kukuwezesha kubadilisha. Hesabuni betri kwa umeme uliokatika usiku kucha, kisha ongezeni jozi. Betri za akiba ziende ndani ya ndege, si kwenye mizigo.

Kisha pesimeka, ambayo watu huisahau. Mashine ya kusomea ni ya kampuni: ya Medtronic haisomi ya Abbott, ya Boston Scientific haisomi ya Biotronik. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inaweka na kuhudumia pesimeka, na hospitali kubwa za Nairobi pia, lakini pigeni simu kabla ya kukata tiketi mkaulize kama wana mashine ya kampuni ya baba. Msitegemee kumkuta fundi wa pampu huko, kwa hiyo namba ya simu ya kliniki yenu ya ng'ambo iandikwe kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake. Ombeni pesimeka isomwe wiki ya kuondoka na mchapisho wa mpangilio wake uwekwe kwenye begi la kontrola ya akiba, pamoja na orodha ya dawa na INR ya mwisho, kile kipimo cha warfarini. Na kwenye msiba, mtu mmoja apewe kazi moja tu: kuhakikisha mzee anakunywa maji na anakaa kivulini.